Palipo Pembamba, Nani Atangulie?



Jambo ninalotaka tulitafakari mwezi huu si kubwa machoni pa watu wengi. Halijadiliwi katika vikao vya wazee wa kanisa, wala sijapata kusikia mtu akiliungama. Lakini latukuta karibu kila tuwapo safarini, na nadhani lafunua mioyo yetu kuliko mengi tunayoyasema Jumapili tukiwa tumevaa nguo safi. Nalo ni hili: barabara ikiwa na njia mbili za kwenda upande mmoja, kisha mbele njia moja ikafungwa au ikaisha, nani atangulie?

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Sisi wa Morogoro tunaokwenda Dar es Salaam kwa gari tunajua jinsi kipande cha kutoka Kimara hadi Kibaha kilivyopanuliwa. Kazi ilianza mwaka 2018, na barabara iliyokuwa ya njia mbili ikafanywa ya njia nane kwa urefu wa kilomita 19 hivi. Ni kazi ya kushukuru. Lakini kila palipo panapana pana mwisho wake. Jioni moja nilikuwa narudi nyumbani, nikafika mahali ambapo njia zile nyingi zilikwisha na magari yote yakatakiwa kuingia katika njia moja. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, katika foleni ndefu, nikisogea hatua mbili na kusimama. Kulia kwangu njia nyingine ilikuwa bado wazi, na gari moja moja likawa linapita humo hadi mbele kabisa, kisha linawasha taa kuomba nafasi. Kila lilipopita moja nilihisi kana kwamba mtu ametia mkono mfukoni mwangu.

Nilipokaribia mwisho, ikaja pikapu kuukuu upande wa kulia, ikawasha taa ya kushoto. Dereva akatoa mkono dirishani kuomba. Nikakaza macho mbele kama mtu asiyeona, nikasogeza gari langu hata bampa ikakaribia kuligusa lori lililonitangulia. Pikapu haikupata nafasi. Nikaenda zangu nikijiona mtetezi wa haki.

Nilipofika Chalinze nilisimama kununua maji ya kunywa. Baada ya muda pikapu ile ikaja ikasimama karibu yangu. Akashuka kijana, akaona mvi zangu, akaniamkia, “Shikamoo mzee.” Nikaitikia, “Marahaba.” Kisha akainama kulitazama gari langu akasema, “Mzee, tairi lako la nyuma limeishiwa upepo. Usiende hivyo.” Akaleta jeki yake, akapiga magoti mavumbini, tukafunga tairi la akiba. Tulipokuwa tukifanya kazi akacheka akasema, “Leo pale Kibaha walininyima njia, nikadhani nitalala palepale.” Sikujibu neno. Nilitazama nyuma ya pikapu yake nikidhani nitaona mgonjwa au jeneza, ili angalau nijue ukubwa wa kosa langu. Hapakuwa na mgonjwa. Palikuwa na matenga matupu ya nyanya. Alikuwa amepeleka mzigo sokoni na sasa anarudi kwao Mgeta. Alikuwa mtu tu, kama mimi, anayetaka kufika nyumbani kabla usiku haujawa mkubwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, nilikosea? Na kama nilikosea, kosa langu ni lipi hasa? Maana wako watakaosema kwamba nilifanya vyema. Nilikuwa nimefika kwanza, nimesubiri, na yeye alitaka kuchomekea. Hebu tupime.

Kwanza tuitazame barabara yenyewe. Mahali palipo pembamba ni kama shingo ya kibuyu. Tumbo la kibuyu liwe kubwa namna gani, maji yatatoka kwa kadiri ya shingo tu. Magari yatakayopita kwa dakika moja huamuliwa na ile njia moja iliyobaki, wala si na hasira ya walio nyuma. Magari yakisogea kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kila sekunde ni karibu mita 3. Gari dogo pamoja na nafasi inayoachwa mbele yake huchukua mita 9 hivi. Kwa hiyo yule kijana, kama ningalimruhusu, angalinigharimu sekunde 3. Lakini magari mawili yakiminyana kwa bampa mpaka yote yasimame, shingo ya kibuyu imezibwa, na walio nyuma wote hulipa gharama ya ugomvi wa watu wawili.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifikiri jambo hili. Ujerumani imeliandika katika sheria yake ya barabarani: njia moja inapoishia, magari ya njia hiyo yaruhusiwe kuingia pale mwisho, moja la huku na moja la kule, kama meno ya zipu yanavyoingiliana. Na hilo ndilo jina waliloipa kanuni hiyo, zipu. Uingereza nayo, katika kitabu chake cha kanuni za barabara, yashauri madereva waingiane kwa zamu magari yanapokwenda polepole na ikiwa ni salama. Huko Marekani, idara ya uchukuzi ya jimbo la Minnesota yawahimiza madereva watumie njia zote mbili mpaka mwisho wakati wa foleni, ndipo waingie kwa zamu. Yasema kwamba kwa kufanya hivyo msururu waweza kupungua urefu hadi asilimia 40. Sababu si ngumu kuielewa. Magari 100 yaliyopangwa katika safu mbili hayachukui urefu wa magari 100 yaliyopangwa katika safu moja, wala hayafiki kuziba makutano yaliyo nyuma. Tena safu zote mbili zikienda kwa mwendo mmoja, hakuna anayekurupuka kuhama, na ajali hupungua. Lakini magari yakiwa machache na yakienda kasi, busara ni kuhamia mapema palipo na nafasi.

Hapo nikaanza kuona jambo nililokuwa silioni. Ile njia ya kulia ilikuwa tupu kwa sababu sisi wenyewe tuliiacha tupu. Tulijipanga upande mmoja kwa nia njema, halafu tukamhukumu kila aliyetumia njia ambayo hakuna aliyeifunga. Kama tungalizijaza zote mbili, pasingalikuwa na wa kutupita wala wa kumwonea kijicho.

Je, basi hakuna mwizi barabarani? La hasha, yupo. Lazima tutenganishe watu wawili ambao hasira huwachanganya. Wa kwanza ni yule anayekwenda katika njia iliyo wazi hadi mwisho wake, kisha anawasha taa na kungoja zamu. Huyu hakumnyang'anya mtu. Wa pili ni yule anayetanua. Anaona foleni, anatoka nje ya lami na kupita pembeni wanakopita watoto wa shule, akina mama na wenye baiskeli, au anaingia upande wa magari yanayokuja na kukimbia huko akitumaini kwamba atapata pa kujipenyeza kabla hajakutana na lori uso kwa uso. Huyu haombi zamu. Anachukua kisicho chake, na anaweka rehani maisha ya watu ambao hakuwauliza. Trafiki wakimkamata wanamtendea haki yeye na sisi.

Lakini hata juu ya huyo wa pili nina swali gumu. Akiwa yuko upande usio wake, na lori linakuja, na mimi ndimi mwenye nafasi ya kumwokoa, nifanye nini? Nimfunge ili ajifunze? Somo hilo laweza kumfunza mara moja tu, na pamoja naye afundishwe dereva wa lori na utingo wake wasio na hatia. Mimi naona yanipasa kumpa nafasi aingie, na hasira yangu nimpelekee Mungu. Sitampa kwa kuwa anastahili, bali kwa kuwa uhai wa mtu haupimwi kwa kustahili. Yule anayengoja zamu tunamtendea haki, huyu tunamhurumia. Tusivichanganye viwili hivi, maana anayeidhani haki ya mwenzake kuwa ni huruma yake hujivuna kila anapoitoa, na huona hana kosa anapoinyima.

Hapo ndipo nilipolipata kosa langu. Nilidhani kwamba nafasi ile ni mali yangu, na kwamba kijana yule alikuja kuniomba sadaka. Kumbe alikuja kudai zamu yake.

Kuna upande mwingine pia. Nilisimulia habari hii kwa mama mmoja wa usharika wetu, naye akaniambia, “Baba, mimi sina moyo mgumu kama wako. Mimi nawaruhusu wote.” Nikamwuliza, “Wote wangapi?” Akasema, “Siku moja niliruhusu kama saba hivi.” Tukacheka, lakini nilimwambia kwamba alikuwa mkarimu kwa mali ya wengine. Nyuma yake palikuwa na daladala lenye watu waliochoka, na bodaboda aliyebeba mgonjwa huenda, na hao hawakuulizwa. Sekunde 3 mara 7 ni sekunde 21 kwa kila mmoja aliye nyuma. Anayemfungia kila mtu na anayewafungulia wote wamesahau jambo moja: kwamba barabara si yao. Ukarimu wetu mahali pale una kipimo chake. Ni mmoja, kisha mimi, kisha mmoja wa kwao, kisha aliye nyuma yangu.

Mtu aweza kuuliza: je, tusitazame haja za watu? Mwenye haraka ya kweli asipite kwanza? Gari la wagonjwa na la zimamoto yapite, naam, na sisi sote tujibane pembeni. Lakini kwa wengine hatuwezi kujua. Kioo cha gari hakituonyeshi nani anakwenda msibani na nani anawahi mpira. Kama ningalimwachia kijana yule kwa sababu tu ana mgonjwa, ningalikuwa nimejifanya hakimu wa safari zake. Zamu haitulazimishi kupekua mizigo ya wenzetu, wala haiulizi cheo. Kuna watu ambao ukubwa wa gari au jina la ofisi lililoandikwa mlangoni huwafanya wadhani kwamba wao ni dharura. Cheo si dharura. Na tusiwanyoshee vidole wakubwa wa serikali peke yao, maana hata kola ya kasisi si king'ora.

Haya yote si mageni kwetu. Asubuhi na mapema tazama njia za miguu zishukazo mjini kutoka Mbete na Choma. Akina mama wanateremka na mikungu ya ndizi na vikapu vya mboga kichwani, na wengine wanapanda kwenda mashambani. Njia ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande wa pili bonde. Mara ngapi umesikia wamesukumana? Asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, wanaamkiana, wanapeana pole, wanapita. Huko Mgeta wakulima wa mboga wamezoea kugawana maji ya mifereji kwa zamu, na mwenye shamba la juu, ingawa maji hufika kwake kwanza, akiyazuia yote huitwa kwa jina lake halisi.

Na ile barabara ipandayo milimani kutoka Sangasanga kupitia Mlali, nimewahi kusafiri humo katika lori la kabichi. Katika kona moja tulikutana na gari jingine likishuka tupu. Palikuwa hapana pa kupishana. Hakuna aliyepiga honi. Utingo wa gari lile alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akaanza kumwongoza dereva wake arudi nyuma taratibu, “Njoo, njoo, kata kidogo, simama.” Tulipopita dereva wetu akainua mkono, na yule mwingine akainua wake. Aliyekuwa mtupu alimpisha aliyepanda na mzigo. Ikiwa watu wetu wanaweza hayo penye korongo la kutisha, kwa nini tunashindwa penye lami tambarare?

Nadhani ni kile kioo. Kwa miguu tunaona uso, na uso unadai salamu. Ndani ya gari hatuoni mtu, tunaona bampa. Kijana yule aliponiona nimesimama Chalinze aliona mzee, akaniamkia na kupiga magoti kwa ajili ya tairi langu. Mimi nilipomwona Kibaha niliona pikapu. Basi kumpisha mtu kwa zamu yake ndiko kumwamkia tunakoweza tukiwa ndani ya chuma. Ile taa inayowashwa ni hodi, na nafasi inayoachwa ni karibu.

Hapa msomaji mmoja atanipinga, naye ana hoja. Atasema, “Mzee, hayo ni maneno mazuri, lakini mimi nikiacha nafasi ya gari moja, huingia matatu. Adabu ya mtu mmoja kati ya wasio na adabu ni ujinga.” Sitamdanganya kwamba sivyo. Mara nyingine ndivyo ilivyo, na adabu humgharimu mwenye nayo. Lakini tukumbuke Machi 2020, mvua ilipoikata barabara ya Dodoma pale Kiyegeya, humu mkoani mwetu. Magari yalikwama pande zote mbili mpaka njia ya muda ilipopatikana. Mahali pa namna ile kila dereva hujifunza upesi kwamba hakuna mtu anayevuka peke yake. Akijipenyeza kwa nguvu akakutana katikati na anayetoka upande wa pili, hakuna anayesonga. Kadhalika lile daraja la zamani la mto Wami, katika barabara ya Chalinze kwenda Segera, lililokuwako tangu 1959, lilikuwa jembamba kiasi cha kupitisha gari moja kwa wakati mmoja. Magari yalilitumia hivyo, wa huku wakiwangoja wa kule, hadi daraja jipya lilipoanza kutumika mwaka 2022. Kwa miaka zaidi ya 60 madereva wasiojuana walingojana pale. Desturi ya kungojana ilianza kwa mtu mmoja aliyengoja, na mwingine akaona kwamba inafaa.

Nakumbuka pia yule mgonjwa wa Bethzatha katika Injili ya Yohana. Alikuwa ameugua miaka 38, akingoja kando ya birika. Kila maji yalipotibuliwa, mwingine alimtangulia kuingia. Mahali pale palikuwa na kanuni moja tu, mwenye nguvu atangulie, na kwa kanuni hiyo mnyonge asingefika majini hata akingoja miaka 38 mingine. Nimewahi kuihubiri habari ile nikimhurumia yule mgonjwa. Sikuwahi kujiuliza juu ya wale waliomtangulia. Bila shaka hawakumchukia. Walikuwa watu wenye haja zao, wakitazama mbele, kama mimi pale Kibaha.

Basi ndugu zangu, ninyi mnaoendesha magari, na ninyi abiria mnaowahimiza madereva wenu mkisema “mfungie huyo, usimwachie,” nawaombeni mambo machache. Tukiona foleni na njia mbili zi wazi, tuzijaze zote mbili kwa utaratibu. Tukifika mwisho, tumwachie mmoja aingie, nasi tuingie. Tukipewa nafasi, tuinue mkono. Tusitanue. Na tukimkuta aliyetanua yuko hatarini, tumwokoe kwanza.

Juma lililopita nilipita tena njia ile ile. Foleni ilikuwako. Kulia kwangu lilikuja gari dogo lenye vioo vyeusi, sikuweza kumwona dereva hata kidogo. Likawasha taa. Nikakanyaga breki, nikaacha nafasi, likaingia. Hakuinua mkono, au kama aliinua sikuona. Nilingoja kuona kama moyo wangu utanung'unika, na kweli ulinung'unika kidogo. Kisha lori la nyuma yangu likanipigia honi kwa hasira, nami nikasogea.